Makhan Singh: Mpigachapa aliyekataa kuitwa mgeni nchini Kenya

MNAMO Mei 15, 1950, polisi wa serikali ya kikoloni walimkamata jijini Nairobi mwanamume wa umri wa miaka 36, mwenye kilemba na ndevu, ambaye hakuwa na bunduki wala mali ya kutajika. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Jina lake lilikuwa Makhan Singh, na alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi ambalo serikali ilikuwa imekataa kuliandikisha.

Pamoja naye alikamatwa Fred Kubai, rais wa shirikisho hilo. Siku iliyofuata, wafanyakazi wa Nairobi waliweka zana zao chini. Haikuwa imetimia hata miezi miwili tangu mji huo utawazwe kuwa jiji kwa shangwe na gwaride, na sasa maelfu ya watu waliokuwa wakiufagia, wakiujenga na kuupikia waligoma.

Wagomaji hao hawakudai nyongeza ya mshahara pekee. Walitaka mfanyakazi alipwe angalau Sh100 kwa mwezi. Walitaka viongozi wao waachiliwe, akiwemo Chege Kibachia aliyekuwa kizuizini tangu 1947. Walitaka kanuni za manispaa zilizowabana madereva wa teksi ziondolewe na misako ya usiku ikomeshwe. Juu ya yote hayo, walitaka uhuru wa nchi za Afrika Mashariki.

Serikali ilijibu kwa virungu na vitoza machozi. Mgomo uliendelea kwa zaidi ya juma moja kabla ya kufifia.

Kuhusu Singh, wakoloni walikuwa na jibu jingine walilolitegemea tangu awali. Walisema kwamba yeye si mtu wa hapa. Alikuwa mhamiaji, na mhamiaji anayewachochea wenyeji anastahili kurudishwa alikotoka. Maisha yote ya Singh katika ardhi ya Kenya yalikuwa bishano refu na dai hilo.

Alizaliwa Desemba 27, 1913, katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, jimbo la Punjab, wakati Bara Hindi lote lilipokuwa chini ya Waingereza. Wazazi wake walikuwa waumini wa dini ya Sikh, jamii ambayo Waswahili wa pwani walizoea kuiita Makalasinga. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala.

Sudh Singh aliwasili Kenya mwaka 1920 na kufanya kazi katika reli. Hakuwa mtu wa kunyamazia dhuluma, na mwaka 1922 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha mafundi wa reli. Baadaye aliacha ajira na kufungua kiwanda kidogo cha uchapishaji jijini Nairobi.

Makhan alimfuata baba yake mwaka 1927, akiandamana na mamake. Alikuwa mvulana wa miaka 13. Alisomea shule ya upili ya serikali iliyotengewa watoto wa Kihindi, ambayo baadaye iliitwa Duke of Gloucester na ambayo leo ni Shule ya Upili ya Jamhuri. Alifaulu mtihani wake wa mwisho mwaka 1931. Hakwenda ng'ambo kwa masomo ya juu kama walivyofanya vijana wa familia tajiri, bali aliingia katika kiwanda cha baba yake, akajifunza kupanga herufi na kuendesha mitambo. Wakati wa faragha alitunga mashairi kwa Kipunjabi.

Nchi aliyoikuta ilikuwa imepangwa kama ngazi. Juu kabisa alikaa Mzungu, mwenye mashamba ya nyanda za juu na viti vingi katika Baraza la Kutunga Sheria. Katikati alikaa Mhindi, aliyeruhusiwa kufanya biashara na kazi za ufundi lakini akazuiwa kumiliki mashamba katika nyanda hizo. Chini kabisa alikaa Mwafrika, aliyelazimishwa kulipa kodi na kubeba kipande shingoni, na ambaye hakupata mjumbe wa rangi yake katika baraza hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944.

Ngazi hiyo haikuwa ya heshima tu. Ilikuwa pia mizani ya mishahara. Kazi ileile ililipwa viwango tofauti kulingana na rangi ya aliyeifanya. Mhindi aliambiwa ashukuru kwamba hakuwa Mwafrika, naye Mwafrika akaonyeshwa kwamba adui yake wa karibu ni Mhindi wa duka. Wote wawili wakitazamana kwa jicho la husuda, aliye juu alikaa salama.

Singh aliutambua mtego huo mapema. Mwaka 1934 mafundi wa Kihindi walikuwa wameunda chama chao, lakini kikawa kinayumba kwa ukosefu wa uongozi. Machi 1935 walimwita awe katibu. Alikuwa kijana wa miaka 21.

Mojawapo ya mambo ya kwanza yaliyotendeka chini ya ukatibu wake ni kubadilisha jina. Neno lililokitambulisha chama kuwa cha Wahindi liliondolewa mnamo Aprili 1935, na milango ikafunguliwa kwa mfanyakazi yeyote, wa rangi au dini yoyote. Katika nchi ambamo hata hospitali na makaburi yalitengwa kwa rangi, mabadiliko hayo ya maneno machache yalikuwa uasi.

Waafrika hawakumiminika chamani mara moja. Wengi wao walikuwa vibarua wa kuja mjini na kurudi mashambani, na walikuwa na sababu za kutoamini kilemba. Singh hakukata tamaa. Kiwanda cha baba yake kilikuwa silaha yake, na humo vikatoka vijikaratasi vya kuwaarifu wafanyakazi juu ya haki zao na mikutano yao.

Mnamo 1936 chama kilidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Mwaka uliofuata mafundi wa ujenzi wa Nairobi waligoma. Mgomo huo ulidumu siku 62, muda ambao familia nyingi zilikaribia kulala njaa. Hatimaye waajiri walisalimu amri. Mishahara iliongezwa kwa kati ya asilimia 15 na 25, na chama kikatambuliwa.

Matokeo hayo yaliishtua serikali. Kabla ya hapo, watawala waliwachukulia wafanyakazi kama mikono ya kukodishwa. Sasa mikono hiyo ilikuwa imepata mdomo. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ilitungwa mwaka huohuo wa 1937, na kuwataka wote wanaojiunga pamoja wajiandikishe. Kwa sheria hiyo serikali ilikubali kwamba vyama vipo, na wakati huohuo ikajipa mamlaka ya kuamua ni kipi kitakachoishi na kipi kitakachokufa.

Chama cha Singh kiliandikishwa, na jina lake likapanuliwa ili kiwe cha Afrika Mashariki nzima. Kufikia kongamano la Julai 1939, viongozi wa Kikuyu Central Association kama Jesse Kariuki na George Ndegwa walikuwa wameingia katika uongozi wake. Mwezi uliofuata, wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Daraja lililokuwa ndoto mwaka 1935 lilianza kupitika.

Mwishoni mwa 1939 Singh alisafiri kwenda India. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza, na Waingereza hawakuwa na subira na wapinzani. Alikamatwa Mei 1940 bila ya kufunguliwa mashtaka, akazuiliwa kambini kwa miaka miwili, kisha akaamriwa kutotoka kijijini kwake hadi Januari 1945. Baadaye alifanya kazi katika gazeti la Chama cha Kikomunisti huko Punjab. Hakuficha kwamba alikuwa mkomunisti, na hakuficha hata pale ambapo kuficha kungemwokoa.

Alirejea Kenya Agosti 1947, mwezi uleule ambao India ilijipatia uhuru na kugawanywa. Wilaya alikozaliwa iliangukia upande wa Pakistan, na jamii za Sikh zilizoishi huko kwa vizazi zikalazimika kukimbia. Kwa hiyo serikali ya Nairobi ilipompa amri ya kuondoka, ilikuwa ikimwelekeza nyumbani ambako nyumba yenyewe haikuwapo tena.

Singh alikataa kuondoka. Alikamatwa, akaenda mahakamani, na akashinda. Mwaka 1948 alikamatwa tena ili afukuzwe nchini, na kwa mara nyingine mahakama ikamwachilia. Hoja yake haikuwa ngumu kueleweka. Alikuwa ameishi Kenya tangu utotoni, wazazi wake walikuwa hapa, kazi yake ilikuwa hapa. Ikiwa mlowezi aliyeshuka melini juzi kutoka Uingereza aliweza kujiita mwenye nchi, kwa nini mpigachapa wa miaka mingi aitwe mgeni?

Waswahili wana msemo kwamba mgeni ni wa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Singh alikuwa ameshika jembe kwa miaka 20. Kosa lake machoni pa wakoloni ni kwamba alilima shamba la pamoja na Waafrika.

Hali ya kazi ilikuwa imebadilika alipokuwa mbali. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa walifanya mgomo mkubwa uliosimamisha bandari na reli, na kutokana nao likazaliwa shirikisho la wafanyakazi Waafrika likiongozwa na Chege Kibachia. Agosti mwaka huo Kibachia alikamatwa na kuhamishiwa Kabarnet, Baringo. Wafanyakazi walihitaji jukwaa jipya.

Jukwaa hilo lilipatikana Mei 1, 1949, siku ya wafanyakazi duniani. Vyama kadhaa vya Nairobi, vikiwemo vya madereva, wapigachapa, washonaji na mafundi wa viatu, viliungana na kuunda Kongamano la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki. Fred Kubai alikuwa rais, Makhan Singh katibu mkuu. Mmoja alikuwa Mkikuyu aliyejua vijiweni vya madereva, na mwingine Kalasinga aliyejua vifungu vya sheria.

Serikali ilikataa kuliandikisha. Lakini kongamano hilo lisilo na cheti liliendelea kufanya mikutano, na pale Nairobi ilipotangazwa kuwa jiji mnamo Machi 30, 1950, liliwataka wafanyakazi wasusie sherehe. Viongozi wake walihoji ni jiji la nani hilo, ikiwa wengi wa wakazi wake walilala kumi katika chumba kimoja na hawakuwa na kura ya kumchagua hata diwani.

Kisha ikaja Jumapili ya Aprili 23, 1950. Chama cha Kenya African Union na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki viliitisha mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, kupinga njama za walowezi za kujiimarisha zaidi madarakani. Kwa kawaida mikutano ya aina hiyo iliishia kuomba viti viwili vitatu zaidi katika baraza.

Singh alisimama na kuongeza hoja ambayo wengi waliifikiria lakini hawakuthubutu kuitamka. Alisema kwamba dawa haikuwa marekebisho madogo madogo, bali uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na serikali iliyochaguliwa na wananchi na kuwajibika kwao. Umati ulipitisha azimio hilo. Wanahistoria wengi humtaja kuwa mtu wa kwanza kutoa dai la uhuru kamili wa Kenya kwa uwazi namna hiyo katika mkutano wa hadhara.

Majuma matatu baadaye alikuwa korokoroni.

Kesi yake ilisikizwa Nyeri, mbali na wafanyakazi wa Nairobi, mbele ya Jaji Ransley Thacker. Ni jaji huyohuyo ambaye, baada ya kustaafu, aliitwa kuisikiza kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano huko Kapenguria mnamo 1952 na 1953. Miongoni mwa washtakiwa wa Kapenguria alikuwemo Kubai, ambaye mwaka 1950 alishtakiwa kando na hatimaye akaachiliwa na mahakama.

Singh hakushtakiwa kwa wizi wala fujo. Sheria iliyotumiwa ilihusu kufukuzwa kwa raia wa himaya ya Uingereza waliohamia Kenya, na swali lililoamuliwa ni iwapo kuwepo kwake kulikuwa hatari kwa utulivu. Hapa ndipo ilipodhihirika hila ya uraia wa kikoloni. Singh alikuwa raia wa himaya pale ilipotakiwa kumtii mfalme, lakini akawa mhamiaji pale alipotaka kushiriki katika mambo ya nchi aliyoishi.

Kizimbani alikiri kwamba alikuwa mkomunisti, na akaeleza kwamba Waingereza hawakuwa na haki ya kuitawala Kenya. Mawakili wa serikali hawakuhitaji ushahidi zaidi. Juni 1950, Gavana aliamuru azuiliwe Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, bila ya kikomo cha muda.

Lokitaung ni mahali ambapo jua huchoma mawe na maji ni ya kupimwa. Singh hakuwa mfungwa wa kuhesabu siku za kifungo, kwa kuwa hakuwa amehukumiwa kifungo. Baadaye alihamishiwa Maralal, na kisha Dol Dol. Alisoma, aliandika barua nyingi za kulalamikia sheria iliyomzuilia, na aliwahi kugoma kula. Mkewe na watoto walibaki Nairobi, wakimwona kwa nadra.

Mara kwa mara serikali ilimwekea mlango wazi. Angeachiliwa mara moja iwapo angekubali kuondoka Kenya na kwenda kuishi India. Ulikuwa mlango uliowapendeza watawala kwa sababu ungethibitisha kile walichokuwa wakikisema siku zote, kwamba huyu ni mpita njia. Kila mara Singh alikataa. Alichagua kuwa mfungwa katika nchi aliyoiita yake kuliko kuwa huru katika nchi nyingine.

Nje, mambo yalikwenda kasi bila yeye. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na vita vya Mau Mau vikaanza. Vyama vya siasa vya Waafrika vilipigwa marufuku, na vyama vya wafanyakazi vikawa mahali pachache ambapo Mwafrika aliweza kuinua sauti kihalali. Tom Mboya, kijana mwenye kipaji, alishika hatamu za shirikisho jipya mwaka 1953, akalijengea urafiki na vyama vya wafanyakazi vya Magharibi. Mwelekeo huo ulikuwa mbali na ule wa Singh. Katika dunia iliyogawanywa baina ya Washington na Moscow, jina la mkomunisti wa Dol Dol halikutajwa sana.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Singh hakutoka hadi Oktoba mwaka huo. Alikuwa amezuiliwa kwa zaidi ya miaka 11, muda mrefu kuliko takriban wapiganiaji uhuru wengine wote wa Kenya. Waliokwenda kumpokea walikuta mtu wa miaka 47 asiyeonyesha kinyongo, aliyeuliza kwanza habari za vyama.

Alijiunga na KANU, na Desemba 12, 1963, alishuhudia bendera ya Uingereza ikishushwa. Dai lililompeleka jangwani lilikuwa sasa wimbo wa taifa. Lakini Kenya mpya haikumpa kiti. Hakupata uwaziri, ubunge wala wadhifa katika vyama alivyosaidia kuvizaa.

Sababu zilikuwa nyingi. Wapo waliomwogopa kwa ukomunisti wake, hasa baada ya rafiki wa wafanyakazi, Pio Gama Pinto, kuuawa Februari 1965, na Jaramogi Oginga Odinga kutengana na Kenyatta mwaka uliofuata. Wapo waliomwona tu kuwa Mhindi, katika kipindi ambacho siasa zilipimwa zaidi na zaidi kwa kabila.

Sababu nyingine ilihusu dola yenyewe. Chama cha wafanyakazi kilichokuwa silaha dhidi ya mkoloni kiligeuka kuwa kero kwa serikali ya wananchi. Watawala wapya walisema kwamba migomo hukwamisha maendeleo, na mwaka 1962 serikali, waajiri na shirikisho la wafanyakazi walikuwa tayari wametia saini mkataba wa kusuluhisha mizozo kwa mazungumzo. Mnamo 1965 mashirikisho yaliyokuwa yakizozana yalivunjwa, na mahali pake pakaundwa COTU. Kwa mujibu wa utaratibu wa wakati huo, Rais wa nchi ndiye aliyemteua katibu mkuu wake kutokana na majina aliyopelekewa.

Kwa mtu aliyeamini kwamba chama ni mali ya wanachama wake, hilo lilikuwa pigo la kimya. Mwaka 1937 serikali ilijipa mamlaka ya kuandikisha vyama. Mwaka 1965 ilijipa mamlaka ya kuwachagulia viongozi. Aliyekalia kiti alikuwa amebadilika, lakini kiti kilikuwa kilekile.

Suala la uraia nalo lilirudi kwa sura mpya. Katiba ya uhuru ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya ambaye angalau mzazi wake mmoja pia alizaliwa Kenya. Wakazi wengine walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, kuomba kuandikishwa. Singh, aliyezaliwa Punjab, hakuwemo katika kundi la kwanza. Mtu aliyeuomba uhuru wa Kenya kabla ya wengi hakuwa, kwa maandishi ya sheria, Mkenya wa kuzaliwa.

Maelfu ya Wahindi hawakuandikishwa. Wengine walisita, wengine walitaka kuhifadhi pasipoti za Uingereza, na wengine walikumbana na urasimu. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwabana wasio raia, na kufikia mapema 1968 ndege zilizojaa familia zilikuwa zikielekea London kabla Uingereza haijafunga mlango wake. Singh hakuwa katika ndege hizo. Alikuwa amekwisha kulijibu swali la kuondoka kwa miaka 11 ya jangwani.

Aliyafanya aliyoyaweza. Alikuwa mtu wa kuhifadhi kila karatasi, kuanzia barua na kumbukumbu za vikao hadi vijikaratasi vya miaka ya thelathini. Kutokana na hazina hiyo aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952, kitabu kilichochapishwa mwaka 1969. Juzuu ya pili, iliyohusu miaka ya 1952 hadi 1956, ilitoka mwaka 1980 ikiwa imehaririwa na Profesa Bethwell Ogot. Mwandishi hakuiona.

Katika kurasa hizo hakujisifu. Msomaji anayetafuta mateso ya Lokitaung hukutana badala yake na orodha za vyama, tarehe za migomo na majina ya makuli, madereva na mafundi ambao hakuna mwingine aliyejali kuyaandika. Ni kana kwamba aliona kuwa haki ya mwisho anayoweza kumpa mfanyakazi ni kumwingiza katika kumbukumbu za nchi.

Makhan Singh alifariki jijini Nairobi Mei 18, 1973, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 59. Serikali haikumfanyia mazishi ya kitaifa. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi wa historia wamekuwa wakizifungua kwa miongo mingi.

Baadhi ya aliyoyapigania yameingia katika sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kulipwa ipasavyo, kujiunga na chama na kugoma. Katiba hiyohiyo inamruhusu mtu aliyeishi Kenya kihalali kwa miaka isiyopungua saba mfululizo kuomba uraia. Na Julai 2017, serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii.

Tangazo hilo lilipokewa kwa furaha na wengi, ingawa wapo waliojiuliza kwa nini mtu ahitaji kabila ili awe Mkenya kamili. Kwa Singh swali hilo lilikuwa na jibu tangu Aprili 1935, pale yeye na wenzake walipolifuta jina la kabila katika chama chao na kuacha neno moja tu, kazi.

Hata hivyo, migomo ya walimu, madaktari na wahadhiri inayotangazwa haramu mahakamani, na jamii za mipakani na pwani ambazo zimehangaika kwa miaka mingi kupata vitambulisho, huonyesha kwamba maswali mawili aliyoyauliza hayajafungwa. La kwanza ni nani aliye mwenye nchi. La pili ni iwapo dola imeundwa iwatumikie wanaotoa jasho, au wao ndio walioumbwa waitumikie.

Mkoloni aliyajibu maswali hayo kwa kumpeleka Lokitaung. Serikali huru iliyajibu kwa kumsahau. Wafanyakazi wa Nairobi waliotoka barabarani Mei 16, 1950, Waafrika kwa wingi wao, walikuwa wameyajibu kwa njia yao. Hawakuuliza alizaliwa wapi aliyekamatwa. Walijua tu kwamba ni mwenzao.